Tumelipia Piramidi, Tunapelekwa Dukani

Hii tabia ya mabasi ya watalii kutoka Cancún, Meksiko, kwenda Chichén Itzá, magofu ya mji wa kale wa Wamaya, inaniudhi mno. Ni mwendo wa kilomita 200 hivi, watu wanaamshwa alfajiri, halafu kabla ya kuona hata jiwe moja la Wamaya mnashushwa kwenye duka la vinyago. Saa nzima! Asiyetaka kununua anasubiri nje juani, maana dereva kashafunga basi. Kisha chakula, kisha cenote, yale mashimo ya maji baridi ardhini (hapo sina ugomvi, ni mazuri kweli). Piramidi ya Kukulcán mnaifikia jua la utosi, mwezi Julai, ilhali lango hufunguliwa saa mbili asubuhi, kabla jua halijachachamaa. Uwanja wa mpira, mkubwa kuliko viwanja vyote vya kale vya Meksiko, mnaupita mbio. Kisima Kitakatifu hamfiki kabisa, mnaitwa garini. Watu wamedunduliza mwaka mzima kwa likizo hii jamani! Andikeni wazi kwenye tangazo: dukani muda huu, magofuni muda huu. Mtu aamue kabla hajatoa pesa yake.