Masta au Kazi? Niulizeni Mwakani

Jamani, siku ya mahafali nilikodi joho kwa saa sita. Saa ya kwanza ilikuwa ya furaha. Tano zilizobaki nilikuwa najibu swali moja tu: "Sasa unaendelea na masta au unaanza kazi?" Watu wanauliza kana kwamba kazi na masta vimepanga foleni nje ya geti, vinasubiri nichague. Hata mpiga picha aliniuliza, huku ananiambia niinue kidevu.

Mjomba, ambaye ushauri wake haujui likizo, anasema: "Soma sasa hivi. Ukishaonja mshahara hurudi darasani." Shangazi anamkata: "Vyeti haviliwi. Tafuta kazi." Wote wawili wana hoja, na hilo ndilo linaloniudhi. Wangekuwa wanapayuka tu, ningelala usingizi.

Basi nikaanza na kazi. Tangazo la kwanza: "Nafasi kwa wahitimu wapya. Uzoefu usiopungua miaka mitatu." Nikarudia kusoma nikidhani ni makosa ya uchapaji. Mhitimu mpya mwenye uzoefu wa miaka mitatu ni kiumbe gani? Huyo ni kichanga mwenye ndevu. Na chini kabisa, kwa herufi za kutafuta kwa tochi: "Wenye shahada ya uzamili watafikiriwa kwanza."

Haya, mnanifukuza nikasome? Nikafungua fomu za uzamili. Nikaanza na ile ya uongozi wa biashara, wenyewe wanaiita MBA. Nako nakuta kipaumbele ni kwa walioshafanya kazi miaka kadhaa. Mwajiri ananituma shule, shule inanirudisha kwa mwajiri. Napigwa danadana mchana kweupe.

Ufadhili ndiyo usiseme. Mfadhili anataka kwanza barua ya kukubaliwa chuoni. Chuo kinataka kwanza kujua nani atalipa ada. Kila mmoja anamwambia mwenzake, "Tangulia, nakuja."

Na ubaya wenyewe nimesomea uchumi, kwa hiyo hata nikilalamika nalalamika kwa hesabu. Tulifundishwa kwamba masta ya miaka miwili haigharimu ada peke yake. Uhesabu pia mishahara ya miezi 24 ambayo ungeipata kama ungekuwa kazini. Nikachukua daftari. Mstari wa kwanza, ada. Mstari wa pili, mishahara nitakayoikosa. Kalamu ikagoma hapo. Mishahara ipi? Ya nani? Nikaandika sifuri, na ghafla masta ikawa bei ya kutupa. Ndiyo maana ajira zikikauka, waombaji wa masta huongezeka. Si kwamba watu wamependa vitabu.

Kuna mchumi anaitwa Michael Spence. Mwaka 1973 alieleza kwamba hata shule isipokuongezea ujuzi wowote, cheti bado kinaweza kukusaidia: kinamwashiria mwajiri kuwa una uwezo, kwa sababu asiye nao kingemtoa jasho zaidi kukipata. Mwaka 2001 akapata Nobel pamoja na wenzake wawili. Sina ugomvi naye. Ila cheti changu kimeashiria mpaka mkono umekufa ganzi, na hakuna aliyesimama.

Sasa juzi. Kwenye kazi wanataka barua ya mapendekezo, kwenye masta wanataka barua ya mapendekezo. Nikaenda kwa mwalimu aliyenisimamia utafiti wa mwaka wa mwisho. Hakuinua hata macho. "Iandike mwenyewe, nitasaini."

Wewe umewahi kujisifia kwa sauti ya mtu mwingine? Nilikaa saa mbili. "Kijana huyu ni..." nikafuta. "Namfahamu vizuri..." nikafuta, maana jina langu hajawahi kulipatia. Mwishowe aibu ikanitoka. Nikawa hodari sana, nikawa mchapakazi, nikawa kiongozi kwa wenzangu (niliwahi kutunza ufunguo wa chumba cha majadiliano, wiki mbili). Kufika mwisho nilikuwa nimeshanogewa, nikamalizia: "Anajua vema anachokitaka maishani."

Leo nimerudishiwa. "Hodari sana" imekatwa, juu yake kaandika "anajitahidi". Uongozi umefutwa wote. "Mchapakazi" imeachwa, nadhani kwa huruma. Ile sentensi ya mwisho imezungushiwa wino mwekundu, na pembeni kuna alama ya kuuliza kubwa kama ndoana, halafu maneno haya: "Barua ni ya kazi au ya masta? Jaza, ulete nisaini."

Anafunga ofisi saa kumi. Sasa hivi ni tisa na nusu, nimekaa kwenye ngazi, kalamu mkononi. Mjomba anapiga simu. Sipokei.