Si kofi, nilikuwa naua kiroboto

Haya, kabla hamjaniitia wazee, hiyo voisi inayozunguka kwenye magrupu ya Lamu nzima ati nimemzaba mkwe kofi siku ya posa ya dadangu, uongo. Sikumzaba kofi mtu. Nilimpiga paja. Na si yeye niliyekuwa namlenga, na huyo aliyeirekodi alikuwa ameketi ubavuni mwangu anajikuna kuliko sisi sote, ila hapo kapasahau kupasema.

Mwazijua nyumba zetu za mawe huku Mkomani. Sabule haifunguliwi mpaka aje mgeni wa maana. Sasa sisi tulikuwa Mombasa tangu kabla ya Idi, nyumba imefungwa, dirisha moja likasahauliwa, na paka wa Lamu hangoji kukaribishwa. Kaingia mmoja kazalia mle juu ya busati, kalea wanawe mpaka wakakua, wakenda zao. Tumerudi tumekuta manyoya tu. Tukafagia, mama kafukiza udi, tukatandika mikeka mipya juu ya lile busati, chumba kikanukia Makka. Hakuna aliyejikuna kwa sababu hakuna aliyeketi mle.

Wageni wakaja baada ya Isha, wazee watupu, kanzu nyeupe pe (huo weupe uwekeni kichwani). Salamu ndefu kama kawaida yetu, wakaketi, mimi nazunguka na dele la kahawa mkono huu, vikombe mkono huu. Mara naona mzee mmoja anajikuna kifundo cha mguu, kistaarabu, kwa kidole kimoja. Kisha wa pili. Kisha nikahisi kitu kinapanda ndani ya kikoi changu, chatembea, chasimama, chang'ata, chatembea tena, na mikono yangu yote miwili ina kahawa ya moto. Nikatabasamu. Wallahi nilitabasamu.

Dua ikaanza. Nikaweka vyombo nikaketi, na kwa bahati yangu nimeketi goti kwa goti na ami yake bwana harusi mwenyewe, mtu mzito, hacheki ovyo. Mikono juu, macho kafumba. Mimi nimefumba moja.

Nikakiona. Gotini kwake, kijidoa cha rangi ya kahawia juu ya ile kanzu kama nukta aliyoisahau mwandishi. Amin. Kimesogea. Amin. Kimeruka, kimetua katikati ya paja, kimetulia pale chajipumzisha. Nikaomba dua yangu ya pembeni, ewe Mola kiondoe. Amin. Hakikuondoka, kimekuja kingine. Sasa mimi sijui mkono wangu uliteremka saa ngapi, ulikuwa juu unaomba kama mikono ya watu, mara nasikia PAA!

Dua ikakatika.

Ami kafumbua macho polepole, katazama mkono wangu, ambao bado uko juu ya paja lake, kisha kanitazama mimi.

"Samahani ami, mdudu."

"Yuko wapi?"

Nikainua kiganja. Tukatazama sote wawili. Hayuko! Kiroboto huruka hata sentimita thelathini, mimi napiga paja yeye yuko kwa jirani. Hapo ndipo kila mzee akainama kuitazama kanzu yake, na wallahi sijaona wazee wakiinuka kwa kasi ile tangu nizaliwe.

Posa ilipita, tulimalizia nje dakani, mahari yakasemwa, mama hakusema nami siku mbili, tuendelee.

Kijana mmoja wa mifugo ndiye aliyetufumbua. Mayai ya kiroboto hayagandi kwenye manyoya ya paka, yanadondoka kwenye mabusati na nyufa. Yakishakuwa mabuu yanajifungia ndani ya vifuko vya nyuzi na yanaweza kungoja humo miezi, mpaka yasikie mtikisiko wa miguu, joto na pumzi za watu. Yaani sisi tumeyaletea wazee kumi wenye pumzi zao! Na kifuko hicho dawa haikipenyi vizuri, kwa hiyo tumepuliza, tunafagia kila siku, mikeka juani, vitambaa kwenye maji ya moto, na wanaotoka leo wanakufa kesho. Paka wa jikoni nao tunawachana kwa kitana cha meno ya karibu, tunakichovya kwenye maji ya sabuni. Nilikuwa nishashika dawa ya mbwa ya kudondoshea shingoni, yule kijana kaninyang'anya mkononi, ina permethrini, mbwa hupona nayo na paka hufa nayo. Mwenye paka akasikia hapo asome tena.

Jana mama yake bwana harusi kampigia mama simu. Wamesema ya nguo, ya pilau, ya watu watakaotoka Faza, mazungumzo marefu mazuri, mimi nimetega sikio mlangoni. Mwisho kateremsha sauti.

"Mamake, ile dawa mliyopuliza yaitwaje? Ami yao hapa hajalala."