"Fanya Mazoezi" Bila Dozi

Bahasha ya dawa huandikwa 1x3: kidonge kimoja, kutwa mara tatu. Hata asiyesoma vizuri huondoka dirishani akijua ameze nini na lini. Lakini mgonjwa huyohuyo wa presha huambiwa "punguza chumvi, fanya mazoezi", basi. Mazoezi gani? Dakika ngapi? Akirudi kliniki hajafanya lolote, anaitwa mvivu.

Kwa maoni yangu, mara nyingi huo si uvivu. Uelewa wa afya ni zaidi ya kujua kusoma: ni kuipata taarifa, kuielewa, kuipima kama ni ya kweli, kisha kuitumia. Wengi hukwama hapo mwisho. Wapo wenye shahada wanaojua fika kwamba kukaa kutwa kunadhuru, ila wakisikia "mazoezi" wanawaza gym, raba na kukimbia.

Dozi ipo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za nguvu, na mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi. Sharti la zamani, kwamba shughuli ihesabike tu ikifika dakika 10 mfululizo, liliondolewa. Kwa hiyo kwenda sokoni kwa mwendo wa haraka kunahesabika, kulima pia. (Kuna kina mama wanaomaliza dozi ya wiki kabla ya Jumatano bila kujua.)

Wastani ni upi? Unaweza kuongea na mwenzako, ila ukijaribu kuimba pumzi inakata. Ukiimba vizuri, ongeza mwendo.

Wanaoanza na saa nzima ya kukimbia Jumamosi huamka Jumapili magoti yanauma, na mradi umekufa. Anza na dakika 10, siku 5. Ongeza dakika 5 kila wiki. Wiki ya tano umefika 30 mara 5, yaani 150. Na jasho si kipimo: anayejifunga nailoni tumboni hupoteza maji, akinywa yanarudi, kitambi kiko palepale.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamaidi (vidonge vya kushusha sukari) asitoke alfajiri na njaa. Sukari inaweza kushuka, akaanza kutetemeka. Abebe glukosi, avae viatu vya kufunika vidole, maana mguu wenye ganzi hausikii mwiba. Kifua kikiuma, aache na kwenda hospitali.

Mhudumu naye aache kuuliza "umeelewa?", swali ambalo jibu lake siku zote ni "ndiyo, daktari". Aulize: "Mama, ukifika nyumbani wakikuuliza umeambiwa nini, utawajibuje?" Akisema "nikimbiekimbie", aelezwe upya. Akisema "nitembee haraka mpaka msikitini na kurudi, robo saa, Jumatatu hadi Ijumaa", aandikiwe kwenye kadi yake: 15x5.