Tumbaku juu ya tumbaku: ardhi ya Tabora inachoka

Kila mavuno yakipungua Urambo, Kaliua au Sikonge, lawama huwa ni zilezile: mvua ilichelewa, mbolea ilichelewa, au mbolea yenyewe ilikuwa hafifu. Ipo misimu ambayo lawama hizo ni za haki. Lakini mashamba mengi yana tatizo jingine ambalo hatupendi kulizungumza. Tumbaku imepandwa juu ya tumbaku, mwaka wa tatu, wa nne, wa tano, eneo lilelile.

Ingia shamba la namna hiyo mwezi wa Januari, jua likiwa kali. Utakuta miche imestawi hapa, pale imedumaa, majani yamelegea na kupauka. Mkulima anaongeza mbolea ya CAN, mche haubadiliki. Sasa ung'oe mmoja taratibu, ukung'ute udongo. Mizizi iliyopaswa kuwa mirefu na myembamba imevimba kama tangawizi. Hiyo ni kazi ya minyoo fundo, wadogo kiasi kwamba jicho haliwaoni. Huingia ndani ya mzizi, na jike mmoja hutaga mayai kwa mamia. Mzizi ulioharibika hivyo haunyonyi vizuri maji wala virutubisho, hata ukimwaga mfuko mzima wa mbolea. Majeraha yake nayo hufungua njia kwa mnyauko wa bakteria, ugonjwa unaoweza kukaa ardhini kwa miaka. Ukirudishia tumbaku msimu unaofuata, umewaandalia wote hao chakula.

Udongo wenyewe nao una hesabu yake. Sehemu kubwa ya Tabora ni kichanga chenye mboji kidogo. Tumbaku huvuta potasiamu nyingi, na majani yote huondoka shambani kwenda kuwa marobota. Mashina hung'olewa na kuchomwa ili magonjwa yasisambae, jambo ambalo ni sahihi, ila maana yake ni kwamba karibu hakuna mabaki yanayobaki kuoza. Mbolea ya NPK 10:18:24 inarudisha virutubisho, hairudishi mboji. Mbolea zenye amonia zikitumika mwaka hadi mwaka huongeza tindikali, na udongo ukishakuwa na tindikali nyingi hushikilia fosforasi mmea usiipate. Watafiti, hasa wa China, wameonyesha pia kwamba tumbaku ikilimwa mfululizo, kemikali zinazotoka kwenye mizizi yake hulimbikizana na kuidhuru tumbaku inayofuata, huku bakteria wenye manufaa wakipungua na kuvu wa magonjwa wakiongezeka.

Wazee walikuwa na dawa yao: shamba likichoka, unafyeka msitu wa miombo na kuhamia mbele. Tumbaku hupenda shamba jipya kwa sababu lina mboji na minyoo wachache. Lakini leo msitu uko mbali, mwingine ni hifadhi, na kuni za mabani ya kukaushia tumbaku zinatoka kwenye miti hiyohiyo. Njia hiyo imefika mwisho.

Kinachobaki ni mzunguko wa mazao, na hapa mpangilio ndio kila kitu. Wengi hupanda mahindi baada ya tumbaku ili yafaidi mabaki ya mbolea. Ni vizuri, ila mwaka mmoja hautoshi, na zipo aina za mahindi ambazo minyoo hao huzaliana ndani yake. Karanga na marejea hufanya kazi kubwa zaidi. Marejea, mmea wa jamii ya kunde ambao wakulima wa Ruvuma wanaujua vyema, hupunguza minyoo fundo na kuongeza naitrojeni. Ila tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa joto ndani ya bani, isifuate moja kwa moja baada ya marejea: naitrojeni ikizidi, jani huchelewa kuiva, halipati rangi nzuri kwenye bani, na daraja linashuka sokoni. Anza na marejea au karanga, yafuate mahindi, kisha tumbaku. Nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo visiingie kabisa kwenye mzunguko huo, kwa maana ni ukoo mmoja na tumbaku na wanaugua pamoja.

Simlaumu mkulima. Mkopo wa pembejeo unaopitia chama cha msingi cha ushirika ni wa tumbaku, na soko lenye mkataba ni la tumbaku. Karanga analima kwa mfuko wake, akiuza kwa bei atakayopangiwa na mchuuzi. Mwenye ekari nne na ada za shule mlangoni atapanda kile kinachokopesheka. Inauma zaidi ukikumbuka kwamba Urambo ilikuwa moja ya maeneo ya mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, na tumbaku ilishika nafasi baada ya mradi huo kuanguka.

Kwa hiyo makampuni na vyama viache kugawa makisio, yaani kiasi cha tumbaku ambacho mkulima anaandikiwa kulima, bila kuangalia ardhi. Mkopo uleule ubebe mbegu za karanga na marejea, pamoja na chokaa ya kupunguza tindikali pale vipimo vya udongo vinapoonyesha inahitajika. Na bwana shamba, kabla mkataba haujasainiwa, afike shambani aulize hapa palipandwa nini mwaka jana na mwaka juzi. Jibu likiwa tumbaku na tumbaku, eneo hilo lisiandikiwe makisio msimu huo.