Diwani hana greda, lakini ana mdomo

Masika yalisomba kalavati la mtaani kwetu, huku kusini mwa jiji la Arusha. Siku hizi tunavukia magogo mawili. Bodaboda anakushusha upande huu, unavuka kwa miguu, mwenzake anakupakia ng'ambo. Nauli mbili kwa safari moja.

Kwenye mkutano wa mtaa hasira zote zilimwangukia diwani. Akajitetea kwamba barabara hazipo tena mikononi mwa halmashauri. Watu wakazomea, ila kwa hilo hakudanganya. Mwaka 2017 barabara za mitaa na vijijini zilikabidhiwa TARURA, wakala wa serikali kuu wa barabara hizo, na mgawo wa Mfuko wa Barabara ukawa asilimia 70 kwa TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, 30 kwa TARURA. Diwani hashiki hata senti ya hizo. Kazi yake ni kusema vikaoni na kufuatilia.

Na mlima nao una lake. Maji ya Meru yanashuka kwa kasi na kubeba udongo mwepesi wa volkano, mtaro usiojengewa mawe haumalizi msimu. Sisi wenyewe je? Tulipozibua lile kalavati mwaka juzi tulitoa godoro zima. Godoro!

Lakini wakati wa kampeni diwani huyuhuyu alisimama hatua chache kutoka hapo akaahidi lami, na neno TARURA halikumtoka. Barabara ikichongwa, ni yeye kaileta. Ikikatika, si yake. Hapo ndipo utetezi wake unaponishinda. Tena hela yenyewe tunailipa: tangu 2021 kila lita ya petroli na dizeli imeongezewa shilingi 100 kwa ajili ya barabara hizihizi, na anayeibeba mwishoni ni abiria wa kifodi, daladala zetu ndogo.

Wengine wanaunyooshea kidole uwanja wa AFCON kule Olmoti, wa watazamaji 30,000. Siungani nao sana. Fungu lake ni jingine, na wageni wataleta hela mjini. Kinachoniuma ni kwamba uwanja una tarehe. Mashindano ni 2027, na kila anayehusika anajua ataulizwa nini na lini. Kalavati letu halina tarehe wala wa kuulizwa.

Mzee mmoja alimwomba diwani atuonyeshe barua aliyopeleka kuhusu kalavati hilo. Akasema ataileta kikao kijacho. Tumeshakaa viwili.