Mafunzo ya Uongozi kwa Kina Mama Waliostaafu Jeshini: Kalenda Ndiyo Somo Lenyewe

Pesa za mafunzo ya uongozi zikitajwa kwa ajili ya kina mama waliostaafu KDF, jeshi la ulinzi la Kenya, swali la kwanza Malindi, Kaunti ya Kilifi, ni kwa nini wasipewe mtaji tu. Ni swali la haki. Mwanamke aliyetoka jeshini na watoto bado wako shule, na pensheni isiyofika mwisho wa mwezi, anahitaji friji ya samaki au cherehani kabla hajahitaji cheti. Wanaopinga wana hoja ya pili, na nayo ni ya kweli: semina za siku tatu hotelini, ambako bajeti huliwa na ukumbi, chai na posho, kisha washiriki hurudi nyumbani na mkoba wenye nembo ya mfadhili. Pwani imeziona hizo za kutosha.

Lamu kuna hoja nzito zaidi. Pale sare ya jeshi haina maana moja kwa kila mtu. Baada ya shambulio la Mpeketoni la Juni 2014 ilikuja amri ya kutotoka nje usiku, mwaka 2015 ikaja operesheni ya msitu wa Boni, na wavuvi walikatazwa bahari ya usiku kwa miaka. Mkaazi wa Kiunga au Basuba akisikia kwamba wanajeshi wastaafu wanafunzwa kusukuma sera kwenye vikao vya raia, ana sababu ya kuuliza wametumwa na nani. Wasiwasi huo hautulizwi kwa hotuba. Mafunzo yenyewe yaendeshwe na raia, na kila wastaafu watano wakae meza moja na viongozi watano wa vikundi vya akina mama wa hapo hapo, wakiandika waraka mmoja wa pamoja.

Ila hoja ya mtaji inaacha jambo kubwa nje. Friji ya samaki inahitaji meza sokoni, leseni, umeme usiokatika na barabara inayopitika masika. Mengi ya hayo huamuliwa kwenye bajeti ya kaunti, na asiyejua bajeti inaandikwa lini atauza samaki kwa masharti yaliyoandikwa na wengine.

Wapo wanaosema kina mama hawa tayari ni viongozi, wafunzwe nini tena. Wamesema nusu. Wanawake walikuwa na kikosi chao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi kilipovunjwa 1999 wakaingizwa katika vikosi vya kawaida. Fatuma Ahmed, aliyejiunga 1983, akawa brigedia 2015, meja jenerali 2018, na 2024 akakabidhiwa Jeshi la Anga lote. Uongozi upo. Kinachopungua ni njia za kiraia, na hapa malezi ya kambini humgeuka mstaafu. Jeshini lalamiko hupanda ngazi moja baada ya nyingine, na kuruka ngazi ni kosa. Ukishawasilisha, unangoja. Uraiani anayengoja husahauliwa. Waraka mmoja hupelekwa wiki ile ile kwa karani wa Bunge la Kaunti, kwa mwenyekiti wa kamati, kwa mwakilishi wa wadi na kwa hazina ya kaunti, na kila mmoja hupigiwa simu baada ya siku saba. Kwa aliyelelewa na nidhamu ya amri, huo unaonekana utovu wa adabu. Unahitaji kufanyiwa mazoezi mpaka uzoeleke.

Somo la pili ni kujua mlango upi ni wa nani. Pensheni, bima ya matibabu ya DEFMIS na haki zilizotajwa katika Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya 2022 ni mambo ya Wizara ya Ulinzi na Bunge la taifa, Nairobi. Hospitali za kaunti, masoko, chekechea na leseni za biashara ni za kaunti. Anayepeleka kilio cha pensheni kwenye kikao cha bajeti ya Kilifi atapigiwa makofi, na hakuna ofisa pale mwenye uwezo wa kumsaidia.

Sasa kalenda, ambayo ndiyo sababu ya kutetea mafunzo haya. Watu wengi husubiri mikutano ya Mei, makadirio ya bajeti yakishafikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Aprili 30. Wanavaa, wanasafiri, wanazungumza vizuri, wanarudi mikono mitupu. Sababu yake ni Februari. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kufikia Februari 28 hazina ya kaunti lazima iwe imefikisha bungeni waraka wa mkakati wa fedha, ule unaoweka kiwango cha juu cha kila idara. Bunge lina siku 14 kuujadili. Ukishapita, idara ya afya ina kikomo chake, na ombi lolote jipya la Mei ni lazima limnyang'anye mwingine shilingi ndani ya idara hiyo hiyo. Hakuna mkurugenzi anayependa kunyang'anya. Na kabla ya Februari kuna Septemba 1, siku ya mwisho ya kufikisha bungeni mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Jambo ambalo halimo humo, wala halimo katika mpango wa miaka mitano wa 2023 hadi 2027, linaanza mbio likiwa nyuma. Kwa hiyo mwanamke anayejua kuzungumza Mei anashindwa na asiyejua kuzungumza aliyepeleka karatasi Agosti na kuirudia Januari. Semina ya siku tatu ya mwezi Juni, hata iwe nzuri vipi, imefundisha watu kuogelea maji yakiwa yameshakupwa.

Karatasi yenyewe nayo ina ufundi wake. Tuseme wastaafu wa Malindi wanataka ushauri nasaha kwa waliorudi na majeraha ya moyo. Kenya iliingia Somalia Oktoba 2011, na waliorudi ni wengi. Waraka unaosema "tunaomba afya ya akili iboreshwe" hauna pa kuingia. Unaosema mshauri nasaha mmoja, chumba kimoja katika hospitali ya Malindi, siku mbili kwa wiki, kuanzia Julai, pamoja na hesabu ya mshahara wa miezi 12, mhasibu anaweza kuuweka kwenye mstari. Ukurasa mmoja, majina, nambari za vitambulisho, wadi, sahihi. Nakala mbili: moja inabaki, ya pili inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na kurudi nyumbani. Bila muhuri ule hakuna aliyepokea chochote. Kaunti ikinyamaza, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa ofisa siku 21 kujibu swali la maandishi: waraka wetu ulijadiliwa wapi, na uamuzi ulikuwa upi?

Kwa mambo ya Nairobi kuna ombi rasmi kwa Bunge, haki iliyo katika Kifungu cha 119 cha Katiba. Linaruhusiwa kuandikwa kwa Kiswahili, jambo ambalo wengi hawaambiwi. Liseme ni ofisi gani iliyoendewa kwanza na ilijibu nini, na kama suala liko mahakamani au la. Lisiwe na maneno yaliyokatwa kwa kalamu. Asiyeweza kutia sahihi atie dole. Maombi mengi hukwama kwa kukosa hilo la kwanza: mtu alikwenda ofisini mara nyingi, lakini hana barua hata moja ya kuonyesha.

Subira pia hufunzwa. Marekani, mswada wa kuboresha huduma kwa wanawake wanajeshi wastaafu, uliopewa jina la Deborah Sampson, uliwasilishwa 2017 na haukuwa sheria hadi Januari 2021. Miaka karibu minne, nchi yenye mashirika ya wastaafu yenye ofisi na mawakili.

Basi pesa zigawanywe upya. Badala ya siku tatu mfululizo, vikao sita vya siku moja: Julai, Agosti, Novemba, Januari, mwishoni mwa Februari na Mei, kila kimoja kikiisha na karatasi iliyopelekwa. Ukumbi uwe wa shule au msikiti. Kinachobaki kiwe nauli, na nauli si sawa kwa wote. Bunge la Kaunti ya Kilifi liko Malindi penyewe, ingawa hazina iko Kilifi mjini, kilomita 60 hivi. Wa Faza au Kiunga hupanda boti kabla hajaiona ofisi ya Mokowe, makao makuu ya Kaunti ya Lamu, na kusi ikivuma huenda asisafiri kabisa. Programu inayompa kila mshiriki posho sawa imeshamwacha huyo nje. Na mfadhili akitaka ushahidi asihesabu vyeti. Aombe kuona nakala zilizogongwa muhuri kabla ya Machi 14, siku 14 za Bunge zinapoisha.