Koilova au shokapu: gari dogo la otokrosi lianzie wapi?

Mtu akishapata gari dogo la michezo kama Mazda MX-5 na kuonja otokrosi mara kadhaa, swali linalofuata ni lile lile: ninunue seti nzima ya koilova (springi ngumu pamoja na shokapu zake, zenye kimo kinachorekebishwa), au nibaki na springi za kiwandani nibadili shokapu tu? Wanaotetea koilova wana hoja nzito. Mimi nasimama upande wa shokapu, lakini si kwa magari yote, na si kwa sababu ya bei.

Otokrosi ni gari moja moja kati ya koni, kwenye uwanja mpana wa lami, kwa dakika moja hivi. Chini ya sheria za SCCA, chama cha michezo ya magari cha Marekani, kila koni unayoigonga inakuongezea sekunde 2. Hakuna mahali pa kunyoosha mguu. Gari linatupwa kushoto, na kabla halijatulia linavutwa kulia. Kinachopimwa zaidi, basi, ni tabia ya gari wakati uzito bado unahama, na kazi hiyo ni ya shokapu.

Wengi hudhani springi ngumu hupunguza uzito unaohamia tairi za nje. Hazipunguzi. Chukua gari la kilo 1,000, kitovu chake cha uzito kiwe sentimita 45 kutoka ardhini, na nafasi kati ya tairi za kushoto na kulia iwe sentimita 140. Likikata kona kwa g 1 (yaani kani ya pembeni iliyo sawa na uzito wa gari lenyewe), kilo 320 hivi zitahamia upande wa nje, springi ziwe laini au ngumu. Springi na stabilaiza (fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili mwili usilale sana) huamua mzigo huo ugawanyweje kati ya mbele na nyuma, na mwili wa gari ulale kiasi gani. Kulishusha gari kunasaidia, ndiyo, ila kwa hesabu hiyo hiyo sentimita 2 zinakuokolea kilo 14 tu.

Hoja ya kweli ya koilova iko kwenye ule mlalo. Gari likilala sana, tairi ya nje inakanyaga kwa ukingo wake badala ya uso mzima. Paka chaki ubavuni mwa tairi kabla ya kukimbia, kisha uangalie imefutika hadi wapi: ikifutika mbali chini ya kona ya tairi, ama upepo ni mdogo au tairi inalazwa kupita kiasi. Springi ngumu hupunguza tatizo hilo. Koilova pia hukuwezesha kusawazisha uzito unaokalia kila gurudumu, jambo ambalo springi za kiwandani hazikupi.

Tatizo ni kile kinachouzwa kwa jina hilo. Ukiongeza ugumu wa springi mara mbili, shokapu inatakiwa iwe na nguvu ya kutuliza zaidi kwa asilimia 40 hivi ili gari litulie kwa namna ile ile. Seti nyingi za bei nafuu zina springi kali na shokapu isiyozimudu, na kitasa cha kurekebisha hakibadilishi ukweli huo. Ongeza kwamba gari limeshushwa: nafasi ya shokapu kushuka imepungua. Funga kibanio cha plastiki kwenye fimbo ya shokapu, ukisukume hadi juu ya mwili wake, ukimbie raundi moja. Ukikikuta kimesukumwa hadi kwenye mpira wa kuzuia, ujue katikati ya kona gari lilikuwa limekalia mpira, springi zako za gharama zikitazama tu.

Stabilaiza ndiyo njia ya kati ninayoipenda. Ugumu wa fimbo isiyo na uwazi ndani hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake, kwa hiyo kutoka milimita 20 kwenda 24 umeshapita mara mbili. Kwa MX-5 ningeanza na ya mbele. Pua itakuwa nzito kidogo kuingia kona, lakini gurudumu la nyuma la ndani linabaki chini na linaendelea kusukuma. Ukikaza ya nyuma, gari linageuka vizuri hadi pale gurudumu hilo linapoanza kuelea, na kwa difu ya kawaida (gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili, isiyo na kizuizi) nguvu yote inapotelea hapo.

Kuna pia suala la daraja. Katika kundi la Street la SCCA unaruhusiwa kubadili shokapu na stabilaiza moja, ya mbele au ya nyuma, lakini springi zibaki za kiwandani. Weka koilova na utahamia Street Touring au juu zaidi, kushindana na watu ambao hawakuishia kwenye springi. Ukimfunga kila mtu mtaani kwako na bado ukawa wa mwisho darajani, fedha imekununulia nini? (Tairi na alaimenti sijazigusa kwa sababu hazina mjadala: zinatangulia vyote hivi.)

Ila yote haya nimeyasema nikifikiria MX-5, ambayo mbele ina amu ya juu na ya chini kila gurudumu, hivyo mlalo wa mwili unafidiwa kwa kiasi. Toyota GR86 hutumia nguzo ya MacPherson mbele, yaani shokapu yenyewe hushika gurudumu kwa juu bila amu ya juu, na gari likilala tairi yake hupoteza kemba (mwinamo wa tairi kuelekea ndani kwa juu) upesi zaidi. Kwa gari la namna hiyo, kama kanuni za daraja lako zinaruhusu, ningenunua koilova nzuri mapema, nikianza kwa kuongeza kemba ya mbele, na ningeacha kimo karibu na cha kiwandani.